Mashahidi wa Chiriku

Tarehe 3 Februari

Chiriku, mke mwenza wa marehemu bibi yako,

Hujambo? Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, ambao siku hizi unaamka saa nzima baada yangu.

Tangu gari la jeshi likubebe, nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia springi za kochi zikilalamika na hakuna aliyelikalia. Sawa tu. Nenda kawe afande, ukirudi unipigishe kwata hapa uani. Kupigishwa kwata na mwanamke nimezoea. Bibi yako hakuwa na cheo, lakini akisema geuka, nilikuwa nageuka.

Sasa nisikilize, maana shule niliiacha lakini akili nilikuja nayo nyumbani. Hao watu watakuuliza kama uliwahi kutumia dawa za kulevya. Watakuuliza kwa upole, na mtu wa serikali akiwa mpole, shika mfuko wako. Jibu ni moja: hapana. Vile vidonge vya maumivu ulivyokuwa unameza kama karanga, ulipokuwa kwa dobi unapiga pasi mashuka ya hospitali, havikuwepo. Ile nyumba ya watu wanaoacha dawa, uliyokaa miezi nane, haikuwepo. Ulikuwa kwenye kozi ya cherehani, kama nilivyowaambia watu wote hapa mtaani, na hakuna aliyebisha. Miaka mitatu sasa hujagusa kitu. Wanataka tufukue nini?

Nimesikia jeshi hutuma mtu mtaani kuuliza tabia ya kila aliyeomba. Usihangaike. Nimeshapita mlango kwa mlango. Nimemwambia kinyozi, mkewe, mwalimu mstaafu, muuza maji, hata fundi redio ambaye hatusalimiani tangu mwaka juzi, nimemsalimia kwa ajili yako, na ilinichukua nguvu. Nimewapa na maneno ya kusema wasije wakajikanyaga: "Yule binti hajawahi kumeza hata dawa ya kichwa." Mwalimu alitaka kuyapamba, nikamwambia wacha, baki hapo hapo.

Mama Mkaa peke yake ndiye hakunijibu. Alikuwa anampimia mteja, akanitazama kama anavyotazama gunia lenye chenga nyingi, akaniuliza nataka mkaa au sitaki. Unajua mimi na huyo mwanamke tuna ugomvi wetu, vumbi lake linaingia kwenye vitambaa vyangu vya makochi. Nitampitia tena.

Kunywa maji. Wakikukimbizeni, usiwe wa kwanza wala wa mwisho. Wa kwanza hutumwa, wa mwisho hutukanwa.

Babu yako,
Fundi Makochi


Tarehe 9 Februari

Babu, shikamoo.

Simu walizichukua getini wakazitupa kwenye kapu kama viazi. Barua anazibeba dereva wa lori la mikate akikumbuka, kwa hiyo hii sijui itafika lini. Yako imekaa kwa mlinzi siku kadhaa, na imenikuta nimeshasema.

Nianze na mazuri. Tunalala chumba kimoja kirefu, vitanda vya chuma, godoro ambalo ungeliona ungelia kwa uchungu wa ufundi. Miguu yangu ina malengelenge. Lakini asubuhi filimbi ikilia unaamka, huulizwi umeamkaje, huulizwi unajisikiaje. Babu, hujui nilivyokitamani kitu hicho. Mtu aniambie amka, niamke, basi. Nyumbani kila asubuhi unanichungulia mlangoni kuona macho yangu yakoje. Unajifanya unatafuta nyundo.

Siku ya pili tuliingia kwa daktari mmoja mmoja. Ni mama wa makamo, alikuwa na mafua. Hakuniuliza kwa upole. Aliuliza huku anapiga chafya: "Umewahi kutumia kitu?" Nikasema ndiyo. Nikamwambia vidonge. Nikamwambia nilianza kwa sababu ya miguu, kusimama kwenye pasi kutwa, mwenzangu akanipa kimoja, kesho yake viwili, na mwisho miguu ikapona lakini mimi nikawa siwezi kuacha. Nikamwambia nilivyoiba redio ya Mama Mkaa nikaiuza. Nikamwambia ile nyumba.

Akasahau hata kupenga. Akaniambia: "Wanaosema ndiyo, tunawapima na kuwafikiria. Wanaosema hapana halafu tukajua, wanarudi kwao siku hiyo hiyo." Mkojo wangu umetoka safi. Sasa mtu wao atakuja mtaani kulinganisha maneno yangu na ya majirani. Yakilingana, nina nafasi. Yasipolingana, sina.

Kwa hiyo nakuomba, nimepiga magoti kwenye hii sakafu ya saruji, rudi kwa kila uliyempa maneno, mwambie aseme anachokijua. Nimechoka kukumbuka nani nimemwambia nini.

Mjukuu wako,
Chiriku


Tarehe 12 Februari

Chiriku wangu,

Kazi imekwisha! Mtu wao amekuja, na babu yako kamkunja kama karatasi ya msasa.

Mimi nilikuwa nangoja mtu wa buti. Akaja kijana wa shati la mikono mifupi, kabeba kiti cha mbao kilichotoboka kalio, anataka kubadilishiwa sponji. Tukapatana. Akaketi kwenye benchi langu, miguu kainyoosha, anauliza taratibu, "Mzee, unaishi peke yako?" Nikamwambia nina mjukuu, yuko jeshini, binti safi, hajawahi kumeza hata dawa ya kichwa.

"Hata dawa ya kichwa?"

"Hata ya tumbo."

Nikageuza kiti ning'oe misumari, nikaona namba imepigwa kwa rangi nyeupe chini ya mbao. Nikadhani ni kiti cha ukumbi wa kukodi. Kuinua kichwa, kijana kanishikia kitambulisho usoni. Chiriku, mtu mzima nilitaka kumeza msumari! Lakini nilikuwa nimeshasema, na nilisema vizuri.

Akaanza kupita milangoni, nami nikamfuata kwa macho na masikio. Kinyozi alisema kama kasomea. Mkewe vilevile. Fundi redio vilevile. Muuza maji, ambaye jina lake mwenyewe huwa analifikiria kwanza, aliyasema yote bila kukwama. Mwalimu aliyasema kwa herufi kubwa.

Halafu akafika kwa Mama Mkaa. Akakaa huko mpaka kivuli cha ukuta kikahamia upande wa pili. Nikajua pameharibika. Alipoondoka tu nikavuka barabara.

"Umemwambia nini?"

"Alichoniuliza."

"Kakuuliza nini?"

"Kama namjua Chiriku."

"Ukasema?"

"Nikasema namjua kuliko babu yake."

Kumbe kayamwaga yote, vidonge, redio, yote, na wala hakushusha sauti! Mtaa mzima unakubeba, yeye mmoja anakutupa chini. Kuanzia leo mimi naye basi. Mkaa nitanunua kule juu mlimani, hata mgongo ukikatika. Lakini usihofu, mmoja hawezi kuwashinda wengi. Wao watahesabu midomo.

Nampa dereva wa mikate barua hii sasa hivi, anapiga honi.

Babu yako,
Fundi Makochi, mshindi


Tarehe 12 Februari, jioni

Chiriku,

Dereva alinipa barua yako kwa mkono mmoja huku anapokea yangu kwa mwingine. Nilipofika pale uliposema ndiyo, nikatoka mbio nimrudishe. Lori lilikuwa limeshakata kona. Mimi, kukimbia. Kandambili moja ilibaki njiani, watoto wakaniletea wakicheka.

Kwa hiyo wewe ulisema, na mimi nikauziba mtaa mzima mdomo.

Sina mzaha wa kukuandikia. Niambie tu wamekufanya nini.

Babu


Tarehe 20 Februari

Babu, shikamoo.

Zimefika zote mbili pamoja, na niliisoma ya pili kwanza. Nilipofika kwenye ya kiti nilikuwa nimeshajua mwisho wake. Hata hivyo nilicheka pale uliposema "hata ya tumbo". Nilicheka peke yangu chooni.

Juzi waliniita. Chumba kidogo, feni inazunguka na upepo hauji. Mezani watu watatu: yule daktari, afande mkubwa mwanamke, na kijana wako wa kiti. Kijana akaanza kusoma maneno ya majirani. Kinyozi: hajawahi kumeza hata dawa ya kichwa. Mke wa kinyozi: hajawahi kumeza hata dawa ya kichwa. Alipofika kwa muuza maji, daktari akawa anamalizia pamoja naye. Wakacheka, Babu. Mimi nimesimama wima, mikono ubavuni, siruhusiwi hata kuinamisha uso.

Afande mkubwa akakikata kicheko kama mtu anayefunga bomba.

"Binti, ama wewe ni mwongo, ama mtaa wenu mzima ni wa waongo. Nani aliwapa maneno haya?"

Nikakaza macho ukutani.

"Nakuuliza."

"Babu yangu, afande."

"Ulimtuma?"

"Hapana, afande."

"Na mimi nitajuaje?"

Alikuwa ameshashika kalamu. Ndipo kijana akasema bado kuna mmoja, akasoma maneno ya Mama Mkaa.

Sikujua kama mtu anaweza kukusema vibaya namna ile nawe ukaomba asinyamaze. Alisema nilikuwa nalala nimesimama kama punda. Aliniita mwizi. Alisema redio yake ilikuwa inashika stesheni moja tu, na hiyo hiyo moja nikamwibia. Kisha akasema niliporudi kutoka kule nilimfuata mwenyewe, sikuitwa, nikamwambia ni mimi niliyeiba, na kwamba tangu hapo nambebea magunia kila jioni na hajaniona nikiyumba. Yote yalilingana na niliyomwambia daktari. Hata ile stesheni moja niliitaja.

Afande akaweka kalamu chini. Akasema, "Huyu mwenye mkaa ndiye aliyekubakiza humu."

Nimebaki kwa masharti. Nitapimwa mkojo kila mwezi, mwaka mzima. Hilo si kitu. La pili ni mdhamini. Nilikuwa nimekutaja wewe, wamekufuta. Wanasema aliyefundisha watu uongo hawezi kumsimamia mtu. Nipate mdhamini mwingine kabla mwezi haujaisha, au nifungashe. Nataka Mama Mkaa. Nenda ukamwombe.

Sikuandikii kukulaumu. Ila kuna jambo sijawahi kukwambia. Niliporudi kutoka kule, mke wa kinyozi aliniletea kitambaa cha gauni, si nimesomea cherehani? Babu, mimi hata uzi sijui kutia kwenye sindano. Nilikaa na kile kitambaa wiki nzima nikikitazama, mwisho nikamrudishia, nikasema macho yananiuma. Akaja mwingine na suruali ya kupunguza kiuno. Nikawa nikisikia hodi natokea mlango wa nyuma. Ndiyo maana nilikuwa nashinda kwa Mama Mkaa. Wewe ulidhani nafuata umbea. Pale hakuna aliyetaka nijue kushona.

Najua ulinificha kwa kunipenda. Lakini kufichwa kunachosha, Babu. Kunachosha kuliko hizi mbio.

Chiriku


Tarehe 24 Februari

Chiriku,

Nimekwenda. Nilipita mara mbili kama mtu mwenye safari zake, mara ya tatu akaniita mwenyewe.

"Fundi, utaimaliza barabara. Unataka nini?"

"Nimekuja kununua mkaa."

"Si unanunua mlimani siku hizi?"

"Wa kule haujaiva."

"Haya, hilo la uongo umeshalitoa. Toa la pili."

Palikuwa na wateja, na kinyozi naye alikuwa ameshatoka kuja kusikiliza, kamwacha mtu wa watu kichwa nusu. Nikamwambia Mama Mkaa tuzungumze ndani.

"Ndani wapi? Duka langu ni hili unaloliona."

Nikamweleza hapo hapo, nimesimama juu ya chenga. Nikamwambia wamenifuta. Nikamwambia unamtaka yeye. Akajifuta mikono kwenye khanga, ikawa michafu zaidi.

"Nitamdhamini. Lakini kwanza niambie, ile miezi nane mjukuu wako alikuwa wapi?"

"Si unajua."

"Mimi najua. Nataka kujua kama wewe unajua."

Chiriku, nimefungua mdomo, na neno lililotaka kutoka ni cherehani. Limeizoea njia. Nikalirudisha. Nikasema ulikuwa kwenye nyumba ya watu wanaoacha dawa. Nikasema ulikuwa unameza vidonge. Nikasema na siku ile nilipokukuta chini jikoni sikumwita mtu, nilikufunika na kitambaa cha kochi nikakaa karibu, kwa sababu niliona aibu ya majirani kuliko niliyoona hatari. Hilo hakuniuliza. Lilitoka lenyewe.

Nikangoja mtaa uniangukie. Kinyozi akasema, "Mzee, ndilo hilo? Mimi nimeacha mteja nikidhani kuna mtu kafa."

"Kwani ulikuwa unajua?"

"Nani alikuwa hajui?"

"Na kitambaa cha mkeo?"

"Alikuwa anatafuta sababu ya kuingia kwenu amwone binti. Wewe mlango ulikuwa unafungua kidogo tu kama bahili."

"Sasa mbona mlikubali kusema niliyowafundisha?"

Wakatazamana. Akajibu fundi redio, ambaye hata sikumwona amefika. "Ulikuwa na uso wa mtu ambaye akikataliwa anaanguka. Tukasema bora tudanganye kuliko tumbebe."

Basi wote wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, kwa adabu. Kumbe miaka mitatu nalinda geti la nyumba isiyo na ukuta, na watu wanapita pembeni wananipungia mkono.

Mama Mkaa amekubali. Dereva wa mikate anapeleka jina lake pamoja na barua hii. Kauliza swali moja tu, siku akiitwa huko kambini nani atauza mkaa. Wote wakanigeukia mimi.

Hata kiti cha jeshi nimekimaliza. Nimeweka sponji nzuri. Wakalie vizuri wakati wanakufikiria.

Babu yako,
Fundi Makochi


Tarehe 10 Machi

Babu, shikamoo.

Nimechukuliwa. Jumamosi tunaapishwa, halafu tunaingia mafunzo, na barua zitakuwa za nadra.

Kila mmoja anaruhusiwa mtu mmoja uwanjani, naye ni mdhamini wake. Nilikwenda kwa afande mkubwa kuuliza kama babu anaweza kuingia hata akakaa nyuma kabisa, juani. Akauliza, "Yule wa dawa ya kichwa?" Nikasema ndiye. Akasema hapana. Sikumwomba mara ya pili. Nilikuwa na nguvu ya kuomba mara moja.

Mwambie Mama Mkaa aje na viatu vya kufunika. Na usije ukasimama getini, nitajua uko pale nitashindwa kutazama mbele.

Nimekula, nimelala, siumwi. Leo sijaulizwa chochote na mtu yeyote, na nilikuwa na majibu yote.

Chiriku


Jumamosi, tarehe 14 Machi

Chiriku,

Nakuandikia nikiwa juu ya gunia. Ukiona alama nyeusi kwenye karatasi, ni vidole vya babu yako, si siri ya jeshi.

Mama Mkaa kaondoka alfajiri. Mke wa kinyozi kamsuka, mwalimu kamwazima mkoba, mimi nimemgongea kisigino cha kiatu kilichokuwa kinacheza. Amevaa, amependeza, na nimemwambia. Akasema nisimzoee. Nikataka kumpa maneno ya kukwambia, akaninyooshea kidole, "Fundi, wewe maneno ya kuwapa watu umeshamaliza." Kwa hiyo amekuja mikono mitupu. Ukimwona amekaa pale mbele ambapo ningekaa mimi, usitafute kama kuna mtu nyuma yake. Hakuna. Nimekaa nilipoambiwa.

Kazi hii ni ngumu, ninyi mlikuwa mnanidanganya kwa kuifanya kila siku. Vumbi limeingia hadi kwenye meno. Nimetazama kibanda changu ng'ambo ya barabara, na kweli, upepo ukivuma vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye vitambaa. Sasa nimeliona kutoka huku, na nimeona pia kwamba hana pa kulipeleka.

Muda huu mnaapa, nadhani. Jua liko katikati. Mimi sijui mnasema nini mkiapa, ila nimesimama wima, mikono ubavuni.

Kapita dada mmoja mgeni, amehamia nyumba za nyuma, hanijui wala hakujui. Akauliza mwenye mkaa yuko wapi.

"Kaenda jeshini, mjukuu wangu anaapishwa."

"Mjukuu wako? Na wewe unafanya nini hapa?"

Nikamwambia mjukuu wangu alikuwa anatumia dawa, akaacha, akawaambia ukweli. Mimi nikawaambia uongo. Kwa hiyo yeye wamemchukua, na mimi wamenizuia kuingia.

Akaweka ndoo yake chini, akasema, "Basi nipimie, mzee. Na ujaze vizuri, nitahesabu."

Babu yako